Usipomlipa Fundi Wewe, Atalipwa na Muuzaji

Kuna kauli imeota mizizi kwenye vijiwe vya magari, kuanzia Tegeta hadi Mbagala: kulipia kipimo cha injini kabla ya kununua gari ni kuchoma hela. Ukiwa na fundi wako, wanasema, akaliwasha, akapiga resi mara mbili, akafungua kifuniko cha oili na kuweka kiganja nyuma ya ekzosi, kazi imekwisha. Kauli hiyo husemwa kwa uhakika zaidi gari linapokuwa la michezo na la miaka mingi: Altezza, Celica, Mark II yenye tabo, Subaru Impreza, Skyline. Gari la namna hiyo, tunaambiwa, mtu hulinunua kwa mapenzi, na mapenzi hayana geji.

Naikataa kauli hii, tena yote. Imewalia vijana wengi wa Kinondoni na Temeke akiba walizodunduliza kwa miaka, na wanaoirudia hawaonekani siku injini inapogoma. Kipimo cha injini ndicho kinachotafuta bei ya gari. Bila namba za silinda, mnunuzi na muuzaji wanapatana bei ya rangi, rimu na mlio wa ekzosi, huku injini, ambayo ni mali kubwa kuliko vyote hivyo, ikihama mikono bila mtu yeyote kuithamini.

Sina ugomvi na mapenzi yenyewe. Magari haya yana historia katika ardhi yetu. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilizishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Toyota Celica ikazishinda mara 3 mfululizo, 1984 hadi 1986. Kijana wa Chang'ombe anayetamani Celica ya zamani anatamani kitu ambacho watu wa ukanda wetu walikisimamia kando ya barabara wakikipungia mikono. Basi akipate kikiwa kizima. Anayelipenda gari ana sababu kubwa zaidi ya kulipima kuliko yule anayelitaka limfikishe kazini tu.

Kwanza tuangalie ni kitu gani hasa kinachouzwa. Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Hata ile changa kuliko zote imeshafikisha miaka 20. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliyafungia mlango yaliyozidi miaka 15. Sisi Watanzania hatukuweka ukomo, tumeweka tozo: gari dogo lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake, na hapo bado hujahesabu ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na ushuru mwingine unaofuata ukubwa wa injini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ya gari la namna hii ni kodi iliyokwishalipwa. Kodi hiyo haikuongeza nguvu yoyote kwenye silinda. Mnunuzi anayeona bei kubwa akadhani ndiyo dalili ya injini nzima anasoma risiti ya TRA, hasomi hali ya gari.

Sasa tuje kwenye sikio la fundi, maana hapo ndipo ubishi wote ulipo. Sikio la fundi mzoefu nalisifu. Linasikia beringi iliyolegea, belti inayolia, koili iliyokufa. Lakini zipo sehemu za injini ambazo sikio haliwezi kuzifikia, na muuzaji mjanja anazijua zote. Chukua Altezza ya AS200 au Mark II ya GX110, zenye injini ya 1G-FE ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Silinda moja ikianza kudhoofika, nyingine 5 zinaibeba, na kompyuta ya gari inarekebisha mzunguko ili injini itulie. Ukisimama pembeni unasikia utulivu. Kwa Subaru hali ni ngumu zaidi. Ule mngurumo wake unaopendwa na vijana unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, na ndani ya mngurumo huo silinda iliyochoka inajificha kama mwizi kwenye ngoma. Injini yake ya EJ20 yenye tabo inajulikana kwa gasketi za hedi zinazovuja na pistoni zinazovunjika kwenye kingo zinazoshika ringi. Mwambie huyo fundi mwenye sikio akuoneshe ufa wa ukingo wa pistoni kwa kusikiliza.

Halafu kuna maandalizi ya muuzaji kabla hujafika. Gari limeshawashwa na kupata moto, kwa hiyo moshi wa bluu unaotoka sekunde za kwanza asubuhi, ule unaosema sili za valvu zimekwisha, hutauona. Imemwagwa oili nzito, na beringi zilizochakaa zimenyamaza kwa muda. Injini imeoshwa ikang'aa, na alama za uvujaji zimekwenda na maji. Thamostati imetolewa. Hilo la thamostati linaniudhi kuliko yote, kwa sababu kwetu limegeuzwa kuwa ufundi: gari likichemsha, inatolewa, wanasema joto la Dar haliihitaji. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 na zaidi inabaki baridi muda wote gari linapokimbia, petroli inamwagwa kwa wingi, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kula ringi. Na gasketi iliyoungua inasitirika hadi siku utakapokaa foleni ya barabara ya Kilwa saa nzima huku kiyoyozi kikiwaka. Mzunguko wa dakika 10 Sinza hauwezi kukuonesha hayo.

Geji ya kompresheni haina njia ya kudanganyika namna hiyo. Injini inapashwa moto wa kazi, plagi zote zinatolewa, mafuta na umeme wa plagi vinakatwa, pedali ya resi inakanyagwa hadi mwisho, starta inazungusha, na kila silinda inaandika namba yake. Injini nyingi za petroli zikiwa na afya husoma kati ya PSI 150 na 190 hivi, kutegemea zilivyoundwa. Ile ya 3S-GE ya Altezza RS200, yenye uwiano wa mgandamizo wa 11.5 kwa 1, inatakiwa iwe upande wa juu. Kinachotafutwa zaidi ni ulingano: tofauti kati ya silinda yenye nguvu na iliyo dhaifu ikipita asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Tuseme zimesoma 175, 172, 176 na 120. Fundi anadondosha kijiko cha oili kwenye ile ya 120 na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Akitaka uhakika zaidi anasukuma upepo wa kompresa ndani ya silinda na kufuatilia unakotokea: ukitoka kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi, ukitoka kwenye tundu la oili, ni ringi, maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi ya hedi imekwenda au hedi ina ufa.

Hapa Dar tuna bahati ambayo watu hawaitaji. Tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, na namba za kompresheni ndipo zinapokuwa juu kabisa. Injini ileile ikipimwa Nairobi au Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, itasoma pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo muuzaji wa Kinondoni anayekwambia namba ziko chini kwa sababu ya hali ya hewa hana pa kujishikiza.

Kazi yote hiyo ni ya nusu siku kwa fundi mmoja mwenye vifaa. Gharama yake ni muda wa fundi, pengine plagi mpya na gasketi ya kifuniko cha valvu, na petroli ya kuzunguka mpaka injini ichemke kweli. Kwenye gereji za mitaani tunazungumzia makumi ya maelfu ya shilingi. Hata tuseme umepata fundi wa bei, akakutoza 100,000 kwa gari la milioni 15: hiyo haifiki asilimia 1 ya bei. Wanaoiita hela hiyo ya kuchoma wanatoa zaidi ya hapo kwa vioo vya giza na spika ndani ya wiki ileile ya kununua, na hakuna kijiwe kinachowakataza.

Kuna wanaojibu kwamba gari limeshakaguliwa: lina karatasi ya mnada wa Japani yenye daraja la 4, na limepita kwenye viwango vya TBS. Karatasi ya mnada naiheshimu kwa kile inachokipima. Inaeleza bodi, mikwaruzo, kutu, ndani ya gari, kilometa, na kama gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mkaguzi wa mnada anawasha injini na kuandika akisikia kelele au akiona inavuja. Hafungui plagi. Ukaguzi unaosimamiwa na TBS unalinda usalama wa barabarani: breki, taa, usukani, matairi, moshi. Gari linaweza kupita kote huko kihalali na bado silinda ya 3 ikawa inahesabu siku. Isitoshe karatasi hizo ni za siku gari lilipokuja. Altezza iliyoingia miaka 9 iliyopita, ikapita kwa wamiliki wanne, ikabadilishiwa oili pale hela ilipopatikana, haina uhusiano tena na daraja lake la mnada.

Namba ya gari nayo imegeuzwa cheti cha afya. Gari lenye namba E linaongezewa bei juu ya mwenzake lenye namba C, na yote mawili yametoka kiwanda kimoja mwaka mmoja. Herufi ile inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Miaka 15 liliyokuwa Japani kabla ya hapo haimo kwenye kibao.

Nimefika kwenye jambo ambalo vijiwe havilisemi, na kwangu ndilo kiini cha ubishi wote. Yule fundi wa bure, anayekuja "kukuangalizia", analipwa na nani? Ameacha kazi gereji, amepanda bodaboda kutoka Tandika hadi Mwenge, amekaa saa mbili juani. Wewe umemwahidi soda na kwamba utamkumbuka. Dalali anamfahamu tangu zamani. Wanapeana kazi mwaka mzima, na wewe utanunua gari moja tu. Gari likiuzwa, dalali ana chake cha juu, na ndani ya hicho cha juu mna mgawo wa fundi. Lisipouzwa, fundi amepoteza siku. Sasa anainama kwenye injini, anainuka, anakwambia: "Bosi, mashine imetulia, chukua." Nani anaweza kushangaa?

Simwiti fundi huyo mwizi. Mafundi wetu wengi ni watu waaminifu wanaofanya kazi ngumu kwa malipo madogo, na wengi wao wangekwambia ukweli kama ukweli ungewalipa nauli ya kurudi. Tumemweka mtu mahali ambapo kusema "usinunue" kunamkosesha chakula cha siku, kisha tunamwomba awe hakimu. Ada ya kipimo, ikilipwa na mnunuzi, ikalipwa kabla fundi hajaliona gari, tena ikalipwa ileile gari linunuliwe au lisinunuliwe, inamtoa kwenye mtego huo. Hapo unalipia uhuru wa ulimi wake pamoja na kazi ya geji. Anayeikwepa ada hiyo bado atailipa, ila itapitia mfukoni mwa dalali, ikiwa imefichwa ndani ya bei, na itakuwa imenunua maneno ya upande wa pili.

Hoja ya wapinzani wangu iliyo na uzito ni nyingine. Wanasema: injini ni kitu cha kubadilisha. Ikifa, unakwenda Gerezani au Ilala, unachukua iliyovuliwa kwenye gari lililokatwa Japani, unafunga, maisha yanaendelea. Kwa gari la kazi, sawa, kuna nyakati ndiyo njia ya busara. Kwa gari la michezo la zamani hoja inavunjika sehemu mbili. Injini za kawaida zimejaa sokoni, lakini 3S-GE nzima au 1JZ-GTE nzima ya Mark II yenye tabo inatafutwa na wapenzi wa magari dunia nzima, na bei yake inakwenda kwa mamilioni. Na hata ukiipata, umenunuaje? Imelala sakafuni, umeoneshwa imezungushwa kwa mkono, umeambiwa ni safi. Yule aliyekataa kupima injini ya kwanza amenunua ya pili bila kupima vilevile. Juu ya hayo, kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo ukibadilisha una kazi ya kurekebisha kumbukumbu za usajili. Wengi hawaifanyi, na siku ya kuliuza gari namba hazilingani, thamani inashuka. Gari la zamani lenye injini yake ya kuzaliwa ni kitu kimoja, na lenye injini ya kuokoteza ni kitu kingine. Mpenzi wa magari ndiye anayepaswa kulijua hilo kabla ya wote.

Na asitokee mtu wa kusema sheria itakulinda. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora kwa muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hiyo. Magari haya mengi yanauzwa mtu kwa mtu, kwa mkataba wa ukurasa mmoja wenye maneno "limeuzwa kama lilivyo". Bima nayo inashughulika na ajali na wizi. Pistoni iliyochakaa haimo. Kilichobaki kukulinda ni ulichokijua kabla ya kusaini.

"Muuzaji atakataa," wanamalizia. "Gari kali halikai, mwenzako atalichukua ukiwa bado unatafuta geji." Baadhi watakataa, ndiyo. Anayekataa plagi zifunguliwe, mbele yake, kwa gharama yako, huku ukiwa umeahidi kwa maandishi kulipa chochote kitakachovunjika, amekupa jibu bila wewe kulipa senti. Lakini uzoefu wa vijiwe unatia chumvi hapa. Wengi wanaokataa wameombwa vibaya: mnunuzi ameshatoa arbuni, ameshasifia gari, ameshapiga nalo picha, kisha ndipo anataka kupima. Kipimo kinatajwa kwenye simu ya kwanza, kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Fundi anachaguliwa na mnunuzi, gereji iwe jirani na muuzaji ili asipate shida. Gari lipatikane likiwa baridi, halijawashwa tangu usiku. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha, taa ya injini iwake na kuzimika yenyewe baada ya kuwasha. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu. Namba zote zinaandikwa kwenye karatasi pamoja na namba ya chasisi na tarehe, nakala moja anabaki nayo muuzaji.

Nakala hiyo ya muuzaji ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake kwa kazi ya aina hiyo. Alionesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Wenye magari mazima wanaona wanapunjwa, wanajitoa, na sokoni yanabaki mabovu. Ndivyo lilivyo soko la magari la barabara ya Bagamoyo leo. Mama wa Goba aliyeitunza Celica ya marehemu mumewe, oili kila kilometa 5,000, belti ya taimingi kwa wakati wake, anapewa bei ileile ya gari lililopakwa rangi wiki iliyopita ili liuzwe, kwa sababu tumekubaliana kwamba sikio linatosha na geji ni ya nini. Yeye ndiye anayedhulumiwa na kauli hii kuliko hata mnunuzi. Yadi inayotaka kuheshimiwa ianze na yeye: ipime, ibandike namba za silinda kwenye kioo cha mbele karibu na bei, na mnunuzi mwenye shaka aruhusiwe kuja na fundi wake aliyemlipa mwenyewe azirudie.